Radi Mara Moja, Chumvi Kila Siku

Katika visiwa vyetu, kila utupapo macho siku hizi utaona chuma kikubwa kimesimama juu ya ardhi. Iko minara ya simu na ya redio, yako matangi ya mafuta na ya maji, mabohari ya bandarini, magati, nguzo ndefu za taa za viwanjani, na mapaa ya skuli na hospitali yaliyoezekwa kwa bati juu ya fremu za chuma. Kabla ya kitu cha namna hii kukabidhiwa kwa wenyewe, mkaguzi huuliza suala moja: je, kina kingaradi? Akijibiwa kuwa kinacho, hutia alama katika karatasi yake, na jambo hilo likawa limekwisha mpaka siku ya mkasa. Suala hilo ni la haki, lakini ni nusu tu ya suala. Nusu ya pili ni hii: kingaradi hicho kitakuwa katika hali gani mwaka wa kumi, baada ya kupulizwa na upepo wa chumvi usiku na mchana?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa watu wa visiwani, kazi ya kujikinga na radi na kazi ya kupigana na kutu si kazi mbili. Ni kazi moja, nayo haina budi kuwekwa chini ya mkono mmoja, katika daftari moja na fungu moja la fedha. Zinapotenganishwa, aghalabu moja huiharibu nyingine, na mwenye mali hajui mpaka hasara imfike.

Na tuanze na kisiwa kisichokuwa chetu. Tarehe 5 Agosti 2022, wakati wa jioni, radi ilipiga tangi la mafuta ghafi katika kituo cha meli za mafuta cha Matanzas, nchini Kuba. Tangi lile lilikuwa na mita za ujazo zipatazo 26,000 za mafuta, yaani karibu nusu ya uwezo wake. Siku ya pili yake moto ulikuwa umeshalirukia tangi la jirani, na katika matangi manane ya kituo kile, manne yaliteketea. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wazima moto, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Nchi za Mexico na Venezuela zilipeleka ndege na watu wa kusaidia, na ilichukua kiasi cha wiki nzima kuumaliza moto ule. Kisiwa kilichokuwa tayari kina upungufu wa umeme na mafuta kikazidi kupungukiwa. Taarifa za huko zilieleza kwamba matangi yale yalikuwa na kingaradi, lakini mfumo wake haukuhimili.

Hatusemi kwamba kutu ndiyo iliyoleta mkasa wa Matanzas. Hilo si letu kulihukumu. Tunautaja kwa sababu mbili. Kwanza, kisiwa hakina jirani wa kumwazima mafuta kwa lori usiku uleule, kikiunguliwa, kimeunguliwa. Pili, kule kingaradi kilikuwapo, na kuwapo kwake hakukutosha.

Sasa tuitazame radi yenyewe. Kingaradi hakiifukuzi radi, wala hakiiti kutoka mbali kama wanavyodhani baadhi ya watu. Kazi yake ni ya mpokezi. Ncha iliyoko juu hupokea pigo ambalo lingelipiga jengo, waya au utepe wa madini hulishusha, na fimbo zilizofukiwa chini, ambazo mafundi huziita ethi, hulitawanya katika ardhi. Sehemu hizi tatu ni kama mfereji wa maji ya mvua: ukiziba mahali pamoja, maji hayarudi mbinguni, bali hufurika na kuingia ndani.

Wingi wa umeme huo ni wa kutisha. Birika la umeme la jikoni hutumia kiasi cha ampea 10. Radi ya kawaida ina mkondo upatao ampea 30,000, na radi kali huweza kufika ampea 200,000, ingawa kila pigo halidumu hata muda wa kupepesa jicho. Hapa ndipo hesabu ndogo ya skuli inapokuwa na thamani. Tuseme ethi ni nzuri na ukinzani wake ni omu 10, kipimo ambacho wahandisi wengi hukitaka. Ampea 30,000 zikipita katika omu 10, hutokea msukumo wa volti 300,000. Tuseme sasa ethi ileile imeliwa na kutu, na ukinzani wake umepanda hadi omu 100. Msukumo huwa ni volti milioni tatu. Umeme wenye msukumo kama huo hausubiri njia uliyoandikiwa na mhandisi. Utaruka kuingia katika bomba la maji, katika waya wa simu, katika nondo za ukuta, au katika mwili wa mtu aliyeegemea nguzo kwa kujikinga na mvua.

Ya kwamba chuma chenyewe hupitisha umeme ni kweli, na kwa sababu hiyo mnara wa chuma au tangi la chuma aghalabu halihitaji waya mwingine wa kushushia. Mwili wake wenyewe ndio waya. Lakini kutu si chuma. Kutu ni udongo uliozaliwa na chuma, na udongo huo haupitishi umeme ipasavyo. Panapokutana vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti na katikati yao pameingia kutu, radi hupita kwa kuruka, na kila inaporuka hutoa cheche. Cheche katika mnara wa simu huunguza mitambo. Cheche katika tangi la mafuta ni jambo jingine kabisa.

Wanaofanya kazi katika matangi makubwa yenye paa linaloelea juu ya mafuta wanalijua jambo hili kwa karibu. Paa hilo hupanda na kushuka kufuata wingi wa mafuta, na katikati yake na ukuta wa tangi kuna nafasi iliyozibwa kwa mpira, mahali ambapo mvuke wa mafuta hujikusanya. Ili radi ipate njia kati ya paa na ukuta, hufungwa vibamba vya madini vinavyosugua ukutani. Ukuta ukiwa safi, vibamba hugusa. Ukuta ukiwa na kutu, na juu ya kutu nta ya mafuta, vibamba hugusa uchafu, na cheche hutoka mahali palepale penye mvuke. Kwa macho ya mpita njia tangi hilo limekingwa, kwani vibamba vyote vipo na hesabu yake imetimia.

Liko na jambo la unene. Vipimo vya kimataifa vya kinga ya radi husema kwamba bamba la chuma lenye unene wa milimita 4 au zaidi laweza kupigwa na radi bila ya kutobolewa. Shaba nyekundu yahitaji milimita 5, na alumini milimita 7. Mabamba ya paa la tangi la mafuta mara nyingi huanza na milimita 5. Basi tangi jipya lina akiba ya milimita moja tu. Katika hewa ya pwani iliyo kali, chuma kisichopakwa rangi huweza kupoteza, katika mwaka wa kwanza peke yake, kiasi cha sehemu 8 hadi 20 za mia za milimita, na mahali panaporushiwa mawimbi hupoteza zaidi ya hapo. Baadaye kasi hupungua kidogo, lakini haisimami. Tena kutu hailiki sawasawa; huchimba vishimo, na kishimo kimoja chatosha. Akiba ya milimita moja yaweza kumalizika kabla ya mtoto aliyezaliwa mwaka wa kujengwa tangi kumaliza skuli. Siku hiyo tangi halitakuwa limevuja hata tone, wala meneja hatakuwa na sababu ya kushtuka, ila kinga yake dhidi ya radi itakuwa imeondoka.

Watu wa bara, khasa wa maziwa makuu, wakisikia watu wa pwani wanalalamikia radi huenda wakacheka, na wana haki ya kucheka. Uchunguzi wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba eneo la Kabare, mashariki ya Kongo, hupata mimweko ya radi ipatayo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na ni mahali pa pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ziwa Victoria nalo huwaka karibu kila usiku wakati wa majira yake. Visiwa vya bahari havikaribii kiasi hicho. Lakini hilo ndilo linalotuhadaa. Kule Kivu kingaradi hupimwa na radi yenyewe mara kwa mara, na kikiwa kibovu hujulikana upesi. Kwetu chaweza kukaa miaka kumi na tano bila ya kupigwa, na katika miaka hiyo yote chumvi haikukosa kazini hata siku moja. Upepo wa Kusi unapovuma kuanzia Juni, hubeba unyunyu wa bahari na kuupaka kila kitu kilichoelekea upande wake. Mwenye nyumba ya ufukweni anajua jinsi komeo jipya linavyogeuka jekundu kabla ya mwaka kwisha. Kingaradi nacho ni madini kama komeo.

Hapana budi sasa tueleze jambo ambalo ndilo shina la matatizo mengi, nalo ni ugomvi wa madini. Madini mawili ya aina mbali mbali yakigusana, na maji ya chumvi yakayaunganisha, huwa ni betri. Moja huliwa ili jingine lisalimike. Alumini na zinki huliwa mbele ya chuma. Chuma huliwa mbele ya shaba nyekundu. Hii si nadharia ya vitabuni. Katika mwaka 1761 Waingereza waliivika manowari yao iitwayo Alarm mabamba ya shaba nyekundu chini ya maji, ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Walipoikagua mwaka 1763, baada ya safari ya bahari za joto za Amerika, wakakuta misumari ya chuma iliyoshika mabamba yale imeliwa vibaya. Ila mahali pengine karatasi ya kahawia iliyokuja imefungia shaba ile ilikuwa imesahauliwa ikabaki katikati, na hapo misumari ilikuwa mizima. Karatasi ya kufungia bidhaa iliwafundisha mabaharia kile ambacho wataalamu walikuwa hawajakiandika.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye somo lilirudiwa, safari hii juu ya kisiwa, katika bandari ya New York. Sanamu ya Uhuru, zawadi ya Wafaransa kwa Marekani iliyozinduliwa mwaka 1886, ni ngozi ya shaba nyekundu yenye unene wa milimita 2.4 tu, iliyotundikwa juu ya kiunzi cha chuma kilichobuniwa na Gustave Eiffel. Wajenzi hawakuwa wajinga. Walijua kwamba shaba na chuma haviwekwi pamoja katika hewa ya bahari. Kwa hivyo walitia katikati yake kitambaa cha asbesto kilicholoweshwa lakiri, ili madini yasigusane. Miaka ikapita, lakiri ikakauka, kitambaa kikaoza na kuanza kunyonya maji kama sponji, na kile kilichowekwa kutenganisha kikawa ndicho kinachounganisha. Chuma kikashika kutu. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ilivimba, ikasukuma, na kuing'oa misumari iliyoshika ngozi ya shaba. Katika matengenezo makubwa yaliyomalizika mwaka 1986, vyuma zaidi ya 1,800 vya ndani viliondolewa, vichache vichache kwa zamu ili sanamu isilegee, na mahali pake vikatiwa vya chuma kisichoshika kutu, vikitenganishwa na shaba kwa utepe wa teflon.

La kuzingatia ni hili. Shaba yenyewe, iliyokaa miaka mia moja katika mvua na upepo wa bahari, ilikuwa imepungua kidogo mno. Mtu aliyeitazama kwa nje asingeona ila rangi ya kijani iliyotulia. Maradhi yalikuwa ndani, penye maungo. Ndivyo ilivyo katika mnara wowote: utepe wa shaba unaong'aa ukutani si ushahidi wa uzima wa kingaradi. Ushahidi uko katika kila kifungo, na kila mahali madini yanapobadilika.

Sisi wenyewe tunao ukumbusho wetu wa chuma. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilisimamishwa kwa nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma pamoja na kuta za mawe ya matumbawe. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Sababu za kuporomoka kwake zina wenyewe wa kuzichunguza. Kwa makala haya inatosha kukumbusha kwamba kuoanisha chuma, chokaa na hewa ya bahari ni jambo ambalo Unguja imelifanya kwa karibu miaka 140, na kwamba hatuwezi kusema tumeshitukizwa.

Ugomvi wa madini una faida yake pia. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Kiingereza Humphry Davy aliwaonyesha wenziwe kwamba kipande cha zinki au cha chuma kikifungwa juu ya shaba ya meli, kipande hicho huliwa na shaba husalimika. Ilikuwa kweli, lakini yalitokea matokeo ambayo hakuyatarajia: shaba ilipoacha kuliwa, iliacha pia kuwaua viumbe wa baharini, na meli zikajaa chaza na mwani zikawa nzito kama magogo. Jeshi la majini likaiacha hila hiyo kwa wakati ule. Hata hivyo kanuni ilibaki, na leo nahodha yeyote wa boti ya chuma anaijua: vile vipande vya zinki vinavyofungwa karibu na usukani na rafadha, na kubadilishwa kila boti inapopandishwa chelezoni, ni kafara. Huliwa ili boti isiliwe. Matangi ya mafuta na mabomba ya chini ya ardhi nayo hukingwa vivyo hivyo, kwa vipande vya zinki au magnesi vilivyofukiwa pembeni.

Hapa ndipo wahandisi wawili wanapogongana, na gharama humwangukia mwananchi. Mhandisi wa kutu huweka zinki chini ya tangi ili sakafu yake isitobolewe na udongo wenye unyevu. Baada yake huja mhandisi wa umeme, naye kwa nia njema hulifunga tangi lilelile na ethi za shaba nyekundu ili radi ipate njia. Tangu siku hiyo zinki haiilindi sakafu ya chuma peke yake. Hulazimika kuilisha na shaba yote iliyofukiwa. Kafara iliyopangiwa miaka ishirini humalizika katika michache. Ikishamalizika, shaba hutafuta wa pili wa kuliwa, na wa pili ni sakafu ya tangi yenyewe. Mafuta huanza kuvuja chini kwa chini, mahali ambapo watu wanachimba visima vya maji ya kunywa. Na lau mhandisi wa kutu akigundua hila hiyo akaikata shaba ili aiokoe zinki yake, atakuwa ameikata njia ya radi.

Dawa ipo, wala si ngeni. Ethi zaweza kuwa za zinki au za chuma kilichopakwa zinki, ambazo hazigombani na tangi. Ama, panapolazimika kutumia shaba, hutiwa baina yake na tangi kifaa kinachozuia mkondo mdogo wa kila siku lakini hufunguka papo hapo radi ikija. Sharti lake ni moja tu: wahandisi wale wawili wakae katika meza moja kabla ya kuchimba.

Yako mambo mengine ya nchi yetu ambayo vitabu vya nchi za baridi havikuyawaza. La kwanza ni mwamba. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja, na katika sehemu nyingi za visiwa vidogo, ardhi ni mawe ya matumbawe yenye udongo haba, na mawe makavu hayapokei umeme vizuri. Fundi hupewa fimbo za chuma zilizovikwa ngozi nyembamba ya shaba, isiyozidi sana robo ya milimita, akaambiwa azipigilie kwa nyundo. Fimbo ikishuka katikati ya mawe makali huchunika kama muhogo. Mahali ilipochunika chuma kidogo huwa uso kwa uso na shaba nyingi, na kwa kanuni tuliyoieleza, kile kidogo huliwa kwa kasi kubwa. Fimbo hukatika chini ya ardhi, na kipande cha juu hubaki kimesimama pale pale kikisubiri mkaguzi apite akione. Penye mwamba kama huu ni bora kutoboa shimo kwa mashine, au kulaza utepe mrefu wa mzunguko kuuzunguka msingi, au kuziunganisha nondo za msingi wenyewe wakati wa ujenzi, kabla ya zege kumwagwa. Hii ya mwisho ni rahisi kuliko zote, nayo haifanyiki kwa sababu kandarasi ya msingi hutolewa kabla mtu wa umeme hajaitwa.

Jambo la pili ni chokaa. Nyaya za alumini zimependwa kwa kuwa ni nyepesi na mwizi hazitamani sana kama shaba. Lakini alumini hailiwi na chumvi peke yake. Chokaa mbichi na saruji yenye unyevu huila vilevile, na kamwe haifukiwi ardhini. Kuiambatisha na ukuta wa mawe na chokaa bila ya kiti cha kuitenga ni kuipeleka kwa aduiye. La tatu ni bati. Maji ya mvua yanayoteremka juu ya utepe wa shaba kisha yakapita juu ya bati lenye zinki, au la alumini, hubeba chembe za shaba na kulitoboa bati hilo. Basi shaba haiwekwi juu ya bati. Nimeona skuli zimelaumu bati kuwa ni bovu, ilhali kosa lilikuwa ni mstari wa shaba uliopita kileleni.

La nne ni wizi. Kila penye biashara ya vyuma chakavu, utepe wa shaba unaofikiwa kwa mkono ni fedha iliyotundikwa ukutani. Ukiibiwa, mlinzi hunyamaza kwa hofu, au fundi hutia waya wowote alionao ili alama ya mkaguzi ipatikane. Kuutia utepe ndani ya bomba gumu katika mita tatu za chini husaidia. Kuwauliza wanunuzi wa chakavu wapi wameipata shaba iliyonyooka na yenye matundu ya kifungo husaidia zaidi.

Tukija kwa wakuu wa idara, neno letu kwao si la kuomba fedha nyingi. Mnara wa Eiffel wa Paris, uliokamilika mwaka 1889, una chuma cha tani 7,300, nao ungali umesimama ingawa aina ile ya chuma hushika kutu kama chuma chochote cha zama zake. Hupakwa rangi kila baada ya miaka ipatayo saba, kwa tani 60 za rangi, kwa mkono na brashi. Mnara ule ulijengwa kwa kibali cha miaka 20 tu. Uliobaki umebakishwa na ratiba ya rangi. Kwetu ratiba ya namna hii ni nadra kuonekana katika makadirio ya mwaka, kwa sababu kujenga kuna sherehe ya kuzindua na kupaka rangi hakuna.

Hata zinki ya kiwandani ina umri wake. Chuma kilichochovywa katika zinki ipasavyo hupata ngozi ya wastani wa sehemu 85 za elfu za milimita. Katika hewa kali ya pwani ngozi hiyo hupungua kwa sehemu kama nne hadi nane kila mwaka. Mtu yeyote aweza kugawa: ni miaka kumi hadi ishirini, basi. Kwa hivyo mnara ulioletwa visiwani ukiwa umechovywa zinki tu, bila ya rangi juu yake, umeletwa na tarehe yake ya mwisho, na tarehe hiyo yafaa kuandikwa katika mkataba mbele ya saini ya waziri au ya mkurugenzi. Ikiwa zabuni haitaji unene wa zinki, aina ya rangi, madini ya kila kifungo na ukinzani wa ethi siku ya makabidhiano, anayeshinda zabuni atakuwa ni yule aliyeviacha vyote hivyo.

Na baada ya makabidhiano, pawe na daftari. Katika daftari hilo iandikwe kila mwaka hali ya maungo, na unene wa mabamba yaliyopimwa kwa kile chombo kidogo cha mawimbi ya sauti ambacho hakihitaji kutoboa kitu. Uandikwe ukinzani wa kila ethi ikiwa imefunguliwa peke yake, si zote kwa pamoja, kwani ethi nne zikipimwa pamoja moja nzima huzifichia aibu tatu zilizokufa. Mafundi wa kupima haya wapo. Vyuo vyetu vinawatoa kila mwaka, na wengi wao wamekaa wakisubiri kazi.

Kuhusu majira ya kupima, wengi wa wakandarasi hupenda kupima baada ya mvua, udongo ukiwa umelowa, na kwa hakika hapo hupata tarakimu ya kupendeza. Ardhi ya Aprili hupokea umeme hata kwa fimbo iliyokwisha nusu yake. Lakini ngurumo za mwanzo za Masika hutukuta ardhi ingali kavu kwa joto la Kaskazi, na mawe ya matumbawe ya Makunduchi au ya Micheweni wakati huo yamekauka kama kigae. Kipimo kinachofaa kuandikwa ni cha mwishoni mwa Februari. Idara itakayoipa kazi hii tarehe, ikawapeleka mafundi wake kabla ya Machi wakiwa na funguo za kufungulia vifungo, brashi ya waya na kopo la rangi, itakuwa imebakiwa na wiki chache za kubadilisha fimbo zilizokatika kabla mawingu hayajafunga.